Karatasi Iliyoihifadhi Chemchemi ya Ammannati

Wachongaji wa Italia wa karne ya 16 walikuwa na ada ya kufinyanga kwanza kielelezo cha udongo au cha nta, ili tajiri aliyeagiza kazi apate kukitazama na kuridhia kabla patasi haijagusa marumaru; na kwa kuwa udongo huvunjika na nta huyeyuka, vielelezo hivyo aghalabu vimetoweka, na fikra nyingi za mafundi wakubwa zimetoweka pamoja navyo. Alipofariki Baccio Bandinelli mwaka 1560, Cosimo de' Medici, mtawala wa Florence, alihitaji mtu wa kulichonga jiwe kubwa lililokusudiwa kuwa Neptune, mungu wa bahari, katika chemchemi ya Piazza della Signoria. Wakashindana Benvenuto Cellini, Vincenzo Danti, Bartolomeo Ammannati na kijana wa Flanders aitwaye Giambologna, kila mmoja na kielelezo chake. Jiwe akapewa Ammannati, na kielelezo kikubwa cha Giambologna hakipo tena.

Walakini huyo Ammannati aliyeshinda naye alikaribia kupoteza kazi iliyo bora kuliko Neptune wake, kwa maoni yangu. Tangu mwaka 1555 hivi alikuwa akimchongea Cosimo chemchemi ya kuwekwa ndani ya ukumbi mkuu wa Palazzo Vecchio: juu kabisa, juu ya upinde wa mvua uliochongwa kwa marumaru, ameketi Juno, mungu wa kike wa anga, pamoja na tausi wake wawili, chini ya upinde amesimama Ceres, mama wa ardhi, akiyakamua matiti yake yatoke maji, na miongoni mwa sanamu za kando umo Mto Arno katika umbo la mwanamume. Maana yake ni kwamba hewa na ardhi hukutana, na katika kukutana kwao huzaliwa maji ya mito. Fikra hiyo haisomeki ila kila sanamu ikae mahali pake, kwani Ceres akiondolewa chini ya upinde huwa mwanamke wa jiwe tu, asiye na kisa.

Na ndivyo ilivyotokea. Chemchemi haikuwekwa ukumbini hata siku moja. Ilipelekwa katika bustani ya Pratolino, kisha katika bustani ya Boboli, na hatimaye sanamu zikafika katika jumba la makumbusho la Bargello zikiwa zimetengana, bila ya mpango wake wa asili.

Lakini Giovanni Guerra, mchoraji wa Modena, alikuwa ameichora kwa kalamu na wino katika mafungu ya michoro yake ya Pratolino, ambayo leo yamo katika hazina ya Albertina mjini Vienna. Hakuwa mtu wa sifa kubwa, na mistari yake ni ya haraka. Ila aliandika kwa uaminifu nani amekaa wapi. Kwa msaada wa karatasi hiyo mwanachuoni Detlef Heikamp aliweza kueleza mpangilio wa chemchemi katika utafiti wake wa mwaka 1978, na mwaka 2011, miaka 500 tangu kuzaliwa kwa Ammannati, sanamu zilikusanywa tena pamoja katika Bargello.

Msomaji atakayejaaliwa kuzitazama, na alitaje jina la Guerra pamoja na la Ammannati, kwani ni haki yake.