Mwenye Nguvu Asipishwe

Wazee wetu walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Neno hilo ni la kweli katika mambo mengi ya dunia. Lakini leo, ewe msomaji, nataka kukusimulia habari za watu walioagana kwamba mwenye nguvu asipishwe, bali yeye ndiye angoje mpaka mnyonge amekwisha kuchukua. Watu hao hawakuwa wahubiri wala mahakimu. Walikuwa wenye timu za mpira katika nchi ya Marekani.

Kwanza yakupasa ujue kwamba mpira ninaousema si huu tunaoucheza kwa miguu. Mpira wa Kimarekani hufanana zaidi na raga: umbo lake limechongoka ncha mbili, nao hubebwa na kurushwa kwa mikono. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Yuko mmoja ambaye kazi yake ni kuupokea mpira, kutazama upesi, na kuurusha kwa mwenziwe aliye mbali. Huyo ni kama nahodha katika chombo, nami nitamwita mrushaji. Yuko na mwingine ambaye kazi yake ni kuukumbatia mpira na kupenya nao katikati ya wapinzani. Huyo nitamwita mkimbiaji. Yashike majina haya mawili, maana ugomvi nitakaoueleza ulikuwa juu yao.

Ligi kuu ya mchezo huo ilianzishwa mwaka 1920. Siku zile kila kijana aliyemaliza chuo kikuu alikuwa huru kujiunga na timu yo yote impendezayo. Basi vijana hodari walikimbilia timu zenye fedha na sifa, kama za Chicago na New York. Nazo kwa kuwa na vijana hodari zilishinda, na kwa kushinda zilipata fedha zaidi. Timu dhaifu zilizidi kudhoofika. Nayo ilikuwa miaka ya dhiki kuu ya uchumi, watu wengi hawana kazi, na timu nyingi zilikuwa zimekwisha kufa.

Katika mji wa Philadelphia alikuwako mtu mmoja aliyeitwa Bert Bell, mmoja wa wenye timu ya Eagles, maana yake Tai. Timu yake ilikuwa ikishindwa mara kwa mara, na kila alipomtaka mchezaji mzuri, wengine walimpiku. Mwezi wa Mei mwaka 1935 alisimama mbele ya wenziwe akatoa shauri: kila mwaka majina ya vijana wanaomaliza vyuo yakusanywe, kisha timu iliyokuwa ya mwisho ianze kuchagua, na iliyokuwa ya kwanza ichague mwisho. Kijana aliyechaguliwa asiajiriwe na timu nyingine ila kwa ruhusa ya ile iliyomchagua. Wakubwa wa New York na Chicago wangeweza kukataa, lakini walikubali. Waliona kwamba shindano ambalo mshindi wake hujulikana kabla ya kuanza halina watazamaji, na pasipo watazamaji hapana mapato hata kwa mshindi.

Mgawo wa kwanza ulifanywa tarehe 8 Februari 1936, katika hoteli moja mjini Philadelphia. Timu zilikuwa 9, zikachagua kwa duru 9, wakapatikana vijana 81. Kwa kuwa Eagles walikuwa wa mwisho, Bell akawa wa kwanza kuchagua. Alimtaja Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa maarufu kuliko wote mwaka ule. Lakini Bell hakuweza kumlipa kiasi alichotaka. Akaihamisha haki yake kwa timu ya Chicago, nao pia hawakuafikiana naye. Berwanger akaenda zake kufanya biashara, asicheze katika ligi hiyo hata siku moja. Hivyo kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa hakumfaa mtu.

Wala usidhani kwamba haki hiyo iliwafikia watu wote. Tangu mwaka 1934 mpaka 1945 hapakuwa na mchezaji hata mmoja mweusi katika ligi nzima. Ilikuwa mwaka 1949 ndipo George Taliaferro, kijana mweusi wa Chuo Kikuu cha Indiana, alipochaguliwa katika mgawo, wa kwanza wa rangi yake. Naye alitajwa katika duru ya 13. Watu waliojali unyonge wa timu walikuwa wepesi kusahau unyonge wa wanadamu.

Wachezaji nao walinung'unika: je, ni halali kijana kuambiwa mji wa kufanyia kazi bila kuulizwa? Mmoja wao, James Smith, aliyeumia vibaya shingo katika mwaka wake wa kwanza, 1968, alipeleka shauri mahakamani, na mwaka 1976 hakimu aliamua kwamba mgawo ule, kwa namna ulivyokuwa, ulivunja sheria ya ushindani wa biashara. Baadaye chama cha wachezaji na wenye timu walipatana, mgawo ukaendelea kwa mapatano. Siku hizi una duru 7 kwa timu 32, na kijana asiyetajwa yu huru kutafuta timu. Mkenya Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, aliingia katika timu ya Indianapolis mwaka 2013 kwa mkataba, pasipo kupita katika mgawo.

Sasa na tuwatazame mashabiki. Tangu mwaka 1980, mgawo ulipoanza kuonyeshwa katika televisheni, kila shabiki amekuwa mshauri. Wako wasemao, "Mchukue aliye bora, hata kama nafasi yake umekwisha kuijaza." Wako wajibuo, "Ziba pengo kwanza. Nyumba inayovuja haihitaji dirisha la pili." Wengine husema afadhali kuiuza nafasi ya juu upate nafasi nyingi za chini.

Mabishano hayo hayajapata kuwa makali kama yalivyokuwa Philadelphia mwaka 1999. Eagles walikuwa wameshinda michezo 3 tu kati ya 16, wakapata nafasi ya pili ya kuchagua. Mashabiki wengi walimtaka Ricky Williams, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyevunja rekodi ya vyuo vya daraja la juu kwa mbio zake. Kocha mpya, Andy Reid, alimtaka Donovan McNabb, mrushaji wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Mashabiki wapatao 30 walisafiri mpaka New York, safari iliyotayarishwa na kituo kimoja cha redio. Jina la McNabb lilipotajwa, walimzomea kijana wa watu mbele ya wazazi wake, katika siku ambayo ingalikuwa ya furaha kuu maishani mwake.

Je, walikuwa wapumbavu? Tusiwahukumu haraka. Katika mgawo ule warushaji watatu walitajwa kwanza: Tim Couch, McNabb, na Akili Smith, na katika hao watatu, wa kwanza na wa tatu hawakufika mbali. Wa nne alikuwa mkimbiaji, Edgerrin James, naye alipata umaarufu mkubwa. Basi hofu ya mashabiki ilikuwa na sababu. Kosa lao halikuwa kubishana. Lilikuwa kumzomea mtu kwa shauri ambalo si lake.

Sikiliza yaliyofuata. Timu ya New Orleans ilitoa nafasi zake zote za mwaka ule, na nyingine mbili za mwaka uliofuata, ili impate Williams peke yake. Alikuwa mkimbiaji mzuri kweli, lakini mtu mmoja hajengi timu: walishinda michezo 3 tu, na kocha wao akafukuzwa. McNabb aliiongoza Philadelphia hadi fainali ya mwaka 2005, iitwayo Super Bowl. Waliozomea wakashangilia. Ndipo wazee wakasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Hata hivyo Philadelphia walishindwa siku ile, 24 kwa 21, na New England. Na mrushaji wa New England alikuwa nani? Tom Brady, aliyetajwa mwaka 2000 katika duru ya 6, mtu wa 199. Kila timu ilikuwa imempita, Philadelphia pia. Mwaka 2018 timu hizo mbili zilikutana tena, na Philadelphia ikashinda 41 kwa 33. Mrushaji wake mkuu, aliyekuwa wa pili kuchaguliwa mwaka 2016, alikuwa ameumia. Aliyeleta ushindi ni Nick Foles, aliyekuwa mtu wa 88 mwaka 2012.

Basi, msomaji, pima mwenyewe. Sheria ya Bell humpa mnyonge nafasi ya kuchagua, wala haimpi akili ya kuchagua vema, na ndiyo sababu ziko timu zilizotangulia kuchagua miaka mingi zikabaki mkiani. Lakini pasipo nafasi, akili nayo ingefaa nini? Siku moja nawe utaketi kuwachagua wenzako, katika timu ya shule au katika kazi kubwa zaidi. Bishana kwa hoja, umkumbuke mtu wa 199, wala usimzomee aliyechaguliwa, hakujichagua.