Straggler: Kubaki Nyuma au Kuachwa?

Kuna neno moja la Kiingereza limenikaa kichwani wiki nzima: straggler. Kamusi zitakwambia ni mtu aliyebaki nyuma ya wenzake. Sawa. Lakini neno hili lina historia, na historia yake inahukumu watu.

Kitenzi chenyewe, straggle, kimo katika Kiingereza tangu karne ya 15, na maana yake ya awali ni kuzurura, kuiacha njia. Karne ya 16 akazaliwa straggler: kwanza mzururaji, kisha askari aliyeachana na kikosi chake. Hapo ndipo penye utata. Anayezurura kapenda mwenyewe. Anayebaki nyuma huenda kashindwa tu. Kiingereza kimewatia wote kapu moja.

Septemba 1862, Jenerali Robert E. Lee alivuka mto Potomac na jeshi la majimbo ya kusini ya Marekani yaliyojitenga. Maelfu ya askari wake walidondoka njiani, wengi wana njaa, wengine hawana viatu. Lee akamlalamikia rais wake, Jefferson Davis, kuhusu straggling. Ilipofika siku ya vita vya Antietam, tarehe 17, alibaki na watu wasiofika 40,000. Mtoro na mwenye miguu iliyochubuka wote walibeba jina lile lile.

Miaka mia moja na ushei baadaye neno likahamia Asia. Luteni Hiroo Onoda alijificha msituni katika kisiwa cha Lubang, Ufilipino, hadi Machi 1974, karibu miaka 29 baada ya Japani kusalimu amri. Vipeperushi hakuviamini. Alitoka pale tu aliyekuwa mkuu wake alipokwenda kumsomea amri ya kuacha vita. Kwao alipokewa kama shujaa, ingawa yeye na wenzake waliua wanakijiji wapatao 30 katika miaka hiyo.

Desemba mwaka huo huo akapatikana mwingine, katika kisiwa cha Morotai, Indonesia. Serikali ya Japani ilimwita Teruo Nakamura, lakini alikuwa mwenyeji wa Taiwan, wa kabila la Amis, aliyeingia jeshini wakati nchi yake ni koloni la Japani. Huyu hakustahili pensheni. Alipewa fedha kiduchu, hadi raia wa Japani wakaona aibu na kumchangia. Alirudi Taiwan akakuta mkewe kaolewa na mwingine. Alifariki mwaka 1979. Onoda aliishi hadi 2014.

Kwa Kiingereza wote wawili ni stragglers. Wajapani huwaita zanryu nipponhei, yaani askari wa Kijapani waliosalia. Hapo kuzurura hakumo, lakini tazama: Nakamura anaitwa Mjapani kwenye jina, siyo kwenye malipo.

Sisi je? Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Onoda alibaki. Nakamura aliachwa. Na ukishasema "aliachwa", swali linalofuata halikwepeki: na nani?

Ndiyo maana siku hizi nikisikia kwamba fulani yuko nyuma, awe mwanafunzi, kijiji au nchi nzima, sikimbilii kuuliza kwa nini hatembei haraka. Nauliza kwanza ni nani aliyetangulia na viatu.