Ubao wa Jenerali Janssens: maneno yanayoweza kukutoa kazini

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, Jenerali Émile Janssens alisimama mbele ya ubao katika Kambi Léopold II, mjini Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa Force Publique, jeshi la wakati wa ukoloni, tangu mwaka 1954. Nidhamu ilikuwa imeanza kulegea kambini, na alitaka kuirudisha. Akachukua chaki, akaandika kwa Kifaransa maneno machache ambayo maana yake ni hii: kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru.

Siku hiyohiyo uasi ukaanza katika kambi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ukaenea. Siku chache baadaye Janssens hakuwa tena mkubwa wa jeshi. Waziri mkuu Patrice Lumumba alimwondoa, na jeshi lenyewe likabadilishwa jina, likaitwa Armée nationale congolaise. Victor Lundula akapewa cheo cha jenerali. Joseph-Désiré Mobutu, aliyewahi kuwa askari karani kisha mwandishi wa habari, akawekwa kuwa mkubwa wa makao makuu ya jeshi. Sisi wote tunajua Mobutu alifika wapi kutoka hapo.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, wengi wenu mmeniuliza kuhusu watu wanaopoteza kazi kwa sababu ya jambo waliloandika kwenye Facebook ama kwenye grupu la WhatsApp. Ningeweza kujibu kwa mashauri matano ya haraka. Lakini historia ya nchi yetu inafundisha vizuri zaidi, maana hapa Kongo neno lilianza kumtoa mtu kazini zamani sana, kabla ya simu.

Tuuangalie ubao ule kwa makini. Janssens hakusema uongo. Force Publique ilikuwa na askari karibu 25,000, na siku ya uhuru hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye cheo cha afisa. Wote waliotoa amri walikuwa Wabelgiji. Askari waliona wanasiasa wamepata magari na vyeo, na wao wamebaki palepale, na wakubwa walewale. Hasira ilikuwepo tayari. Ubao haukuizaa, ubao uliipa maneno. Jambo ambalo kila askari alilisema chinichini moyoni, sasa lilikuwa limeandikwa na mkono wa mkubwa mwenyewe.

Kwa hiyo yule anayejitetea akisema "lakini niliandika ukweli" hajajibu swali lote. Kuna ukweli unaosaidia, na kuna ukweli ambao, ukiandikwa na mtu fulani, siku fulani, unawasha moto. Janssens alifikiri anaongea na watu waliokaa mbele yake. Maneno yake yalikuwa yameandikwa kwa chumba kimoja, lakini hayakukaa ndani ya chumba. Wakati ule hapakuwa na picha ya skrini, hata hivyo yalitoka.

Na nani alilipa? Janssens alirudi Ubelgiji, akaandika kitabu juu ya maisha yake, akafa akiwa mzee mwaka 1989. Waliobaki ndio waliolipa. Tarehe 10 Julai askari wa Ubelgiji waliingilia kati, tarehe 11 Katanga ikajitangaza kuwa nchi ya peke yake, tarehe 14 Umoja wa Mataifa ukaamua kutuma majeshi. Wabelgiji kwa maelfu walikimbia, na hospitali nyingi zikabaki bila daktari. Siwezi kusema yote hayo yalitoka kwenye chaki moja. Lakini mkono ulioshika chaki haukubeba mzigo wote wa maneno yake.

Baadaye ikaja miaka ya Mobutu, na wazee wetu wakajifunza adabu nyingine ya maneno. Gazeti lilisifu, redio ya serkali ilisifu, na habari ya kweli ilitembea kwenye ile tunayoita redio trotwari, redio ya barabarani. Mtu wa biro aliongea na jirani yake kwa mafumbo, tena akiangalia kwanza nani amesimama karibu. Alilinda mshahara wake na watoto wake. Redio trotwari ilikuwa na uongo mwingi, lakini ilikuwa na jambo moja ambalo simu haina: haikuacha karatasi. Ukiulizwa, ungeweza kusema "mimi sikusema". WhatsApp ni redio trotwari iliyo na risiti, yenye jina lako, saa na dakika.

Lakini historia yetu ina mfano wa upande mwingine pia, na si haki kuunyamazia. Mwezi wa Novemba 1980, wabunge 13 waliandika barua ya wazi kwa Mobutu, yenye kurasa 52, wakisema wazi namna nchi ilivyokuwa ikiharibika. Étienne Tshisekedi alikuwa mmoja wao. Walikamatwa, wakapoteza viti vyao, wakapelekwa mbali na mji mkuu. Mwaka 1982 kundi lao likawa mzizi wa chama cha UDPS.

Wale 13 nao walipoteza kazi kwa sababu ya maandishi, sawa na Janssens. Tofauti ni kwamba walijua. Walikaa, wakapima, wakaandika, wakatia sahihi, na kila mmoja alijua bei ambayo angeweza kulipa. Janssens aliandika kwa ukali wa asubuhi moja. Hapo ndipo ninapotaka tufike leo: kuna neno unaloamua kulisema, na kuna neno linalokutoka. La kwanza linaweza kukugharimu kazi na bado ukatembea na kichwa juu. La pili linakugharimu kazi bure.

Sasa tuje kwenye simu. Wakubwa wa nchi walitambua mapema nguvu ya maneno yanayotembea mkononi. Desemba 2011, wakati wa matokeo ya uchaguzi, walifunga jumbe za SMS. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, walifunga intaneti. Tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa tena, ikarudi tarehe 19 Januari 2019. Hawafungi kitu kisicho na nguvu.

Sisi wa Kivu na Ituri tuliona nguvu hiyo kwa njia nyingine wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Pamoja na ugonjwa kulikuwa na uvumi: kwamba Ebola ni biashara, kwamba waganga wanaleta kifo ndani ya sindano. Uvumi ulipita kwa mdomo na kwa simu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa siku chache moja baada ya kingine, na Médecins Sans Frontières ikasimamisha kazi yake pale. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo akiwa hospitalini. Uvumi haukushika silaha, lakini ulitayarisha udongo ambamo chuki iliota. Na kituo kikifungwa, mlinzi wa mlangoni, mama anayefua nguo na kijana anayebeba maji nao wanabaki bila pesa ya siku. Aliyerusha ule ujumbe pengine alikuwa na ndugu yake kati yao.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Kanuni ya Dijitali. Kifungu chake cha 360 kinasema kwamba mtu anayeanzisha ama kusambaza habari ya uongo juu ya mtu mwingine kupitia mitandao anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka 6, ama kulipa faini ya franka 500,000 mpaka 1,000,000, ama vyote viwili. Angalieni neno "kusambaza". Kusema "mimi nimeirusha tu namna nilivyoipokea" hakukutoi ndani ya sheria hiyo. Mwandishi mwenzetu Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023, simu zake zikachukuliwa, akakaa gerezani miezi sita juu ya makala ambayo hata haikuwa na sahihi yake. Mashirika mengi ya waandishi walipinga kesi ile, na mimi pia naona haikuwa haki. Lakini inatuonyesha kwamba siku hizi simu inaitwa kuwa shahidi.

Kwa familia zilizohama, jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa mji uliotulia. Kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa Februari 2025, watu wakatawanyika. Kwa wengi, grupu la WhatsApp ndilo kijiji kilichobaki. Ndimo tunamotangaza msiba, tunamouliza nani ameona mtoto wa fulani, tunamojua shamba limebaki namna gani. Basi mtu anaongea mle kama anavyoongea barazani kwa mjomba wake. Anasahau kwamba kijiji hiki kina watu 200, na wengine ni namba tu, hakuna anayejua nani anaishika simu hiyo leo. Simu inaibwa, inauzwa, inashikwa kizuizini barabarani.

Tena huku kwetu mtu anaweza kuamka chini ya mamlaka moja na kulala chini ya nyingine. Maneno uliyoandika miaka miwili iliyopita ukisifu kundi moja, leo yanasomwa na macho mengine. Wewe umeyasahau, simu haikusahau.

Na kazi zenyewe tunazozipata ni za namna gani? Mwalimu wa shule ya muda, mhamasishaji wa afya, mwandikaji wa majina wakati wa kugawa chakula, dereva, mlinzi. Nyingi ni za ONG, na ONG inaingia kila upande kwa sababu inasema haina upande. Mtu aliyevaa gile ya shirika akiandika kwenye statu yake kwamba kabila fulani lisisaidiwe, si yeye peke yake anayehukumiwa. Barabara inaweza kufungiwa gari lote. Ndiyo maana wengi hutiwa sahihi karatasi ya mwenendo siku ya kuajiriwa, na wengi hutia sahihi bila kuisoma. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inakubali mkataba kuvunjwa mara moja, bila taarifa ya mapema, kwa kosa zito. Lakini inataka pia mwajiri akujulishe kwa maandishi. Akikufukuza kwa simu tu, omba karatasi, na ujue kwamba kuna inspekta wa kazi.

Basi mtu afanye nini? Asome kwanza karatasi aliyotia sahihi. Picha ya orodha ya majina ya wanaosaidiwa isitoke kamwe kwenye simu yake, hata kwa mke ama bwana yake, maana pale kuna majina ya watu wanaofichwa. Picha ya wewe na gile mahali pa kazi, uliza kwanza. Sauti iliyotumwa usiku ikisema "jihami, wanakuja", kabla ya kuirusha uliza imetoka kwa nani, ameona kwa macho yake, na lini. Kama ni hatari ya kweli, mpigie anayehusika. Ukiwa na hasira, andika kwenye daftari, ulale. Kesho asubuhi ukiona bado ni lazima lisemwe, lisema mahali pake.

Kwa maana wapo watakaonijibu: basi unatufundisha kunyamaza, wakati chakula kinaibwa na wanawake wanaombwa mwili ili waandikwe kwenye orodha. Hapana. Wezi wangefurahi sana tukinyamaza. Mtu aliyeona wizi na akaandika kwenye Facebook "wote ni wezi" amempa mwizi nafasi ya kufuta alama zake, na amejipatia kesi. Aliyeandika tarehe, mahali, idadi ya magunia na majina ya waliokuwepo, kisha akapeleka kwa namba ya malalamiko ya shirika, kwa kamati ya wahamishwa, ama kwa mwandishi wa habari anayejua kuficha jina la aliyempasha, huyo anaweza kupata haki na akabaki na kazi yake. Na kama njia hizo zote zimefungwa, na umeamua kusema hadharani, sema kama wale 13: kwa ushahidi, ukiwa umewaambia watu wa nyumba yako, ukijua bei.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Siku hizi kidole kinaponza nyumba nzima, maana mshahara mmoja huku kwetu unalisha watu kumi. Wazazi, leo jioni angalieni nani anatumia simu yenu. Mara nyingi ni mtoto wa miaka 14 anayeweka video kwenye statu ya baba yake, na baba ndiye anayeitwa biro asubuhi.