Dafina: Asili ya Neno na Funzo Lake

Katika Kiswahili, mali iliyofichwa ardhini huitwa dafina. Neno hili limetoka katika Kiarabu, kwenye kitenzi chenye maana ya kuzika. Dafina, basi, ni kitu kilichozikwa. Halilingani na hazina, ambalo asili yake yahusu kuweka mali ghalani. Hazina ina mlinzi na hesabu. Dafina ina siri tu. Warusi nao huiita klad, neno lililotokana na kitenzi cha kuweka au kulaza. Lugha hizi mbili hazina undugu, lakini zote zimelitaja jambo hili kwa kitendo cha mfichaji.

Mfichaji huficha akitumaini kurudi. Asiporudi, mali yake huwa ushahidi wa historia. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wataalamu wa mambo ya kale walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kutokana nazo twajua kwamba yapata karne ya 11 pwani yetu ilikuwa na watawala waliofua sarafu zenye majina yao, na biashara iliyoifikia dola ya Wafatimi.

Kwa mwanafunzi wa Mwankoko, mkoani Singida, dafina huenda ikamkumbusha uvumi uliozagaa sehemu nyingi za Tanzania, kwamba Wajerumani walizika dhahabu walipokimbia. Uvumi huo una chembe ya historia. Katika mkoa huohuo wa Singida iko Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916, walipopungukiwa na fedha, walitumia dhahabu ya Sekenke kufua sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji huo. Dhahabu tunayoijua kwa hakika, basi, ilifanywa sarafu za kugharimia vita.

Hata hivyo, wako wanaochimbua makaburi na maboma ya kale wakitafuta utajiri. Hapana budi tuwaonye. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda mabaki hayo, kwa kuwa sarafu iliyofukuliwa ovyo huuzwa kwa uzani wake tu. Sarafu za Mtambwe zilitufunza mengi kwa sababu zilichunguzwa na kuandikwa. Hivyo ndivyo dafina ya mtu mmoja inavyogeuka hazina ya taifa.