Mwenye Ufunguo wa Kabati

Shule za Tanganyika zilipata vitabu kabla ya kupata maktaba, na vilikuja ndani ya sanduku. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Charles Richards, ilikuwa na utaratibu wa kusambaza masanduku ya vitabu, na msomaji aliyekaa mbali aliweza kuazima kwa posta. Sanduku halikosi mpokeaji. Mara nyingi mpokeaji ni mwalimu: anahesabu, anatia sahihi, na tangu hapo vitabu ni deni lake. Mimi naamini sahihi hiyo imeathiri tabia za maktaba zetu za shule kuliko sera zote zilizokuja baadaye.

Mwaka 1960 Sidney Hockey aliandika ripoti iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na huduma yake ya maktaba. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Watu husimulia ufunguzi ule kama harusi. Wanasahau kwamba miezi tisa kabla, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu huyo huyo alizilaumu shule kwa kumfundisha mtoto kwamba maarifa ya maana yote yamo vitabuni au kwa waliosoma, na kwamba baba yake mkulima hana la kumfundisha. Mtu mmoja, mwaka mmoja, anajenga nyumba ya vitabu na anaonya visiabudiwe. Sioni mgongano hapo. Naona kazi ambayo hakukabidhiwa mtu: kumfundisha mtoto kukitumia kitabu, kukiuliza, na hata kukikatalia.

Wakutubi wetu wa mwanzo walisomea mbali, baadhi yao Makerere, ambako Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa mwaka 1963. Waliporudi walikuwa wachache, wakahitajika makao makuu, mikoani na vyuoni. Shule zilibaki na mwalimu wa maktaba, yaani mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake kamili, aliyeongezewa ufunguo.

Nilipewa ufunguo huo katika sekondari ya bweni mkoani Morogoro, miaka michache baada ya kuanza kazi. Nilipelekwa kwenye mafunzo mafupi. Tulijifunza kuandikisha vitabu kwenye leja, kupiga mhuri, kubandika mfuko wa kadi nyuma ya jalada, na kupanga kwa Dewey: 967.8 ni historia ya Tanzania, 896.392 ni fasihi ya Kiswahili. Hadi leo nikiingia nyumba ya mtu yenye vitabu, mkono unawasha kuvipanga. Lakini mafunzo yote yale yalihusu vitabu. Mwanafunzi alitajwa kama mtu wa kuchelewesha na kupoteza.

Aliyenifungua macho ni mkufunzi mmoja mtu mzima, ambaye alasiri ya mwisho aliweka leja pembeni, akatugawia atlasi, akasema tutafute Kilwa bila kupekua ramani. Nusu ya darasa, walimu watupu, tulianza kupekua ramani.

Nililichukua zoezi lile kama lilivyo. Kidato cha Kwanza waliingia maktaba wakiwa wawili wawili kwa atlasi moja, kwa sababu hazikutosha. Niliwaonyesha faharasa mwisho wa kitabu, herufi, ukurasa, kisha namba na herufi za miraba. Kidole kimoja kwenye namba, kingine kwenye herufi, visogezwe mpaka vikutane. Wakaipata, na hapo ndipo kipindi kilipoanza hasa, maana zilikuwa Kilwa tatu: Kisiwani, Kivinje na Masoko. Nikawauliza: Ibn Battuta alifika ipi, mwaka 1331? Kimya. Mmoja akasema Masoko, kwa kuwa ndiko kuna soko na mgeni lazima ale. Jibu zuri, la mtu anayefikiri. Atlasi ikawa imefika mwisho wa uwezo wake, tukahamia rafu ya 967.8. Huko wakakuta kwamba mji wa masultani na msikiti mkuu ulikuwa kisiwani, na kwamba Kivinje ilishamiri karne ya 19 kwa biashara ya watumwa na pembe. Dakika 40 ziliisha hatujafunga mjadala.

Wiki iliyofuata binti mmoja alimwambia mwalimu wake wa historia, kwa adabu zote, kwamba mchoro aliouweka ubaoni ulikuwa umeiweka Kilwa ya Ibn Battuta Kivinje. Malalamiko yalinifikia ofisini kwa walimu: mwalimu wa maktaba anafundisha somo lisilo lake. Mkuu wa shule alinishauri nishughulike na usafi wa rafu.

Msimlaumu sana yule mwalimu wa historia. Ufundishaji wetu ulisimama juu ya notisi: mwalimu anaandika ubaoni, darasa linanakili, mtihani unarudisha kilichonakiliwa. Hakuzoea kuona mwanafunzi akienda kukagua. Na vitabu vyenyewe vilikuwa haba. Azimio la Musoma la 1974 lilileta Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977. Watoto waliingia kwa wingi wa kufurahisha, na chumba chochote chenye paa kikawa darasa, maktaba ikiwemo. Miaka ya themanini karatasi ilikuwa adimu kama sukari. Mwenye vitabu vichache alivitia kabatini, akafunga, kwa sababu mkaguzi alipokuja aliuliza vingapi vimepotea; vingapi vimesomwa halikuwa swali lake. Ndiyo ile sahihi ya sanduku.

Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukanunua vitabu vya Kiswahili kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka mashuleni. Baadaye uliwafundisha walimu namna ya kuvisomesha, na hili nalipa uzito kuliko vitabu. Nimeona shule ya msingi yenye kabati moja lisilo na mlango, ambako kila Ijumaa mwalimu husoma hadithi mpaka katikati, akaacha, na watoto kugombania nakala waone mwisho. Nimeona pia jengo la maktaba la wafadhili, marumaru mpaka mlangoni, limejaa madawati mabovu.

Bagamoyo tuna Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka tangu 1989, na kinatoa vijana hodari. Nilipostaafu niliwauliza kadhaa wanakotarajia kwenda. Vyuo vikuu, wizara, benki, masjala za mahakama. Shule hakuitaja hata mmoja, na sikuwashangaa: katika shule nilizopitia, ikama haikuwa na nafasi ya mkutubi. Aliyepokea ufunguo wangu ni mwalimu wa kemia, mwenye vipindi 28 kwa wiki. Nilimkabidhi leja, mihuri miwili na atlasi, nikamwambia aanze na Kilwa.