Marejeo 198 ya Billy Hamilton

Wahenga wa pwani walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nao hawakuwa na habari ya besiboli. Lakini sijaona ibara iliyo karibu zaidi na sheria ya mchezo huo wa Wamarekani, ambamo mchezaji huondoka nyumbani, huzunguka vituo vitatu, na hahesabiwi kitu mpaka akanyage tena pale alipotoka. Marejeo hayo ndiyo mkimbio. Na aliyeyapata kwa wingi kuliko wote katika msimu mmoja ni Billy Hamilton, mzaliwa wa Newark, New Jersey, ambaye mwaka 1894, akiichezea Philadelphia, alirejea mara 198 katika mechi 132. Waliomfuatia, Willie Keeler na Joe Kelley wa Baltimore, walipata 165 kila mmoja.

Msimu ule ulikuwa na sababu zake. Mwaka 1893 mrushaji wa mpira alisogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, wapigaji wakapata wasaa wa kuutazama mpira unavyokuja, hata mwaka wa pili wake timu katika ligi ikawa inapata kwa wastani zaidi ya mikimbio 7 kwa mechi.

Hamilton mwenyewe alikuwa mtu mfupi, kimo chake futi 5 na inchi 6, mwenye subira ya kuiacha mipira mibaya ipite hata apewe kituo cha kwanza bila jasho. Akishafika hapo, subira humwisha: aliviiba vituo vya mbele, yaani alivikimbilia pasipo kungoja mwenziwe apige, akajitupa na kuteleza vumbini kabla ya mlinzi kumgusa kwa mpira, na tarehe 31 Agosti aliviiba 7 katika mechi moja dhidi ya Washington. Kwa kuteleza huko alipewa lakabu ya Mtelezi.

Lakini gongo lake mwenyewe lilimzungusha vituo vyote kwa pigo moja mara 4 tu. Mara nyingine zote alisimama njiani akiwategemea wenziwe, na wenziwe walikuwa Ed Delahanty, Sam Thompson na Tuck Turner, ambao kila mmoja, kama yeye, alifaulu zaidi ya mara 4 katika kila mapigo 10. Mwezi ule wa Agosti moto uliuteketeza uwanja wao, wakahamia kwa muda katika kiwanja cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Na siku 11 baada ya moto wakaifunga Louisville 29 kwa 4. Pamoja na hayo yote taji lilikwenda Baltimore, na Philadelphia ikawa ya nne.

Mwaka 1921 Babe Ruth wa New York alipata mikimbio 177, na 59 kati ya hiyo, theluthi kamili, alijirejesha nyumbani kwa mapigo yake mwenyewe. Hata hivyo hakumfikia Mtelezi.

Hamilton alifariki mwaka 1940, na mwaka 1961 jina lake likaingizwa katika Jumba la Fahari la besiboli huko Cooperstown. Delahanty alikuwa amemtangulia mwaka 1945. Thompson aliingia mwaka 1974. Turner, aliyekuwa na wastani wa juu kuliko wote wanne katika msimu ule, hayumo.