Kota za Kahe: Nyumba Ikivuja, Nani Anapata Hasara?

Mjadala wa nyumba za umma zilizo tupu na zinazosubiri matengenezo kwa kawaida huishia kwenye neno moja: bajeti. Sikatai kwamba fedha ni haba. Lakini historia ya stesheni moja ndogo, Kahe, iliyo uwandani kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, inanifundisha kwamba kabla ya kuuliza fedha ziko wapi, tuulize kwanza: nyumba hii ikianguka, nani anapata hasara?

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Kahe kilikuwa kituo cha njiani tu. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyokikuza. Machi 1916 majeshi ya Smuts na ya Lettow-Vorbeck yalipambana hapo, na mwaka huohuo reli ya kijeshi iliyotoka Voi kupitia Taveta ikaunganishwa na njia ya Tanga. Kahe ikawa makutano: huku Tanga, huku Moshi, huku Mombasa.

Makutano ya reli hayaendeshwi na watu wanaofika asubuhi na kuondoka jioni. Stesheni masta, wabadili njia na magenge ya kutengeneza reli walilazimika kulala palepale. Kota zilikuwa sehemu ya mitambo, kama mataruma na tangi la maji. Tusiipambe historia hiyo. Chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, nyumba ilifuata cheo, na cheo kilifuata rangi. Mwafrika alipewa chumba chembamba. Hata hivyo, shirika lilikuwa na sababu ya kuziba paa lake, na sababu hiyo haikuwa huruma. Mbadili njia aliyehamia mbali alichelewesha treni, na treni iliyochelewa ilikuwa hasara yenye mtu wa kuijibia.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Makutano yakabaki bila cha kukutanisha. Mkataba wa kugawana mali za Jumuiya ulitiwa saini Arusha mwaka 1984, lakini hakuna mkataba ungeweza kuirithisha Kahe kazi yake ya zamani. Baadaye treni za abiria za njia ya Kaskazini zikasimama. Mwaka 2007 reli yetu ikagawanywa: RAHCO ikashika mali, TRL ikaendesha treni kwa ubia na kampuni ya RITES ya India. Ubia huo ukavunjika, na sheria ya mwaka 2017 ikarudisha vyote chini ya TRC. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika tena Moshi.

Hesabu, ndugu msomaji, ni mikono mingapi imepokea mali hizo tangu 1948. Katika kila makabidhiano, nyumba huandikwa kwenye orodha: namba, mahali, thamani. Orodha haivuji. Kinachovuja ni paa, na wakati huo aliyeandika orodha yuko mamia ya kilomita mbali.

Mtumishi yeyote wa umma anaijua safari ya barua ya matengenezo. Bati moja limeinuliwa na upepo. Mkuu wa kituo hana mamlaka ya kulinunua, basi anaandika barua. Mhandisi anatakiwa kukagua, ila gari halina mafuta. Makadirio yanaandaliwa, tarehe 30 Juni inafika, mwaka wa fedha unafungwa. Mvua za masika haziusubiri mwaka mpya wa fedha. Maji yanaingia darini, mchwa wanafuata unyevu, mpangaji anahama; na nyumba ikishakuwa tupu, milango na madirisha huanza kuondoka usiku. Gharama ya bati moja imekuwa gharama ya nyumba nzima, kisha tunaambiwa bajeti haitoshi.

Wapo wanaosema dawa ni kuuza. Tulishaijaribu: kuanzia mwaka 2002 Serikali iliwauzia watumishi wake maelfu ya nyumba. Wanunuzi walikuwa na kila sababu ya kuzitunza, kwa kuwa hasara sasa ilikuwa yao. Lakini mtumishi aliyehamishiwa kituoni baada yao alikuta nyumba ya Serikali imekuwa ya mtu. Tulimpata wa kubeba hasara kwa kuupoteza umma.

Kuna njia ya tatu: kuiweka hasara mahali fulani ndani ya umma wenyewe. Mkuu wa kituo apewe kiwango cha fedha za matengenezo madogo, na aulizwe kwa jina. Orodha ya nyumba tupu, pamoja na tarehe ambayo kila moja ilibaki tupu, ibandikwe kwenye ofisi ya kata. Nyumba isiyohitajika na reli ipangishwe kwa mwalimu au muuguzi wa kata hiyo, kwa mkataba wa maandishi unaomruhusu kukata gharama za matengenezo kwenye kodi.

Hakuna kati ya hayo linalohitaji mfadhili. Yanahitaji mkubwa mmoja akubali kuachia sehemu ya mamlaka yake ya kusaini, na hapo ndipo nashuku ugumu ulipo.